Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupindisha alama za nukuu katika vitabu pepe vya Kiswahili

Maswali haya yanatoka kwa waandishi, wachapaji wa steshenari na vijana wanaotengeneza vitabu pepe Mtwara, Lindi, Masasi na Kilwa. Hurudi karibu kila muswada mpya unapoletwa kwenye flashi. Mwenye haraka aanze na swali la 7 na la 11, maana humo ndimo vitabu vyetu huharibikia zaidi.

## Mambo ya msingi

1. Alama nyoofu na alama za kupinda zinatofautianaje?

Alama nyoofu ni zile mbili zilizo kwenye kibodi: " na '. Hazina upande. Ile inayofungua ndiyo hiyo hiyo inayofunga, na kompyuta inazihesabu kama herufi mbili tu, U+0022 na U+0027 (namba zenye U+ ni namba za herufi katika Unicode, orodha ya herufi za kompyuta).

Alama za kupinda ni nne, kila moja ina uso wake: “ hufungua (U+201C), ” hufunga (U+201D), ‘ hufungua nukuu ya ndani (U+2018), na ’ huifunga (U+2019). Hii ya mwisho ina kazi ya pili, nayo kwa Kiswahili ndiyo kubwa zaidi: ni ritifaa, ile ya ng’ombe na ming’oko. Shika hilo, kwa sababu karibu kila tatizo la ukurasa huu linaanzia kwenye alama moja kubeba kazi mbili.

2. Kwa nini kibodi hutoa zile nyoofu tu?

Ni urithi wa taipureta. Wapiga chapa wa zamani walikuwa na alama za kupinda, lakini taipureta ilikuwa na vitufe vichache, hivyo kitufe kimoja kikafanywa kifungue na kufunga. Viwango vya herufi za kompyuta vilipowekwa, kama vile ASCII ya mwaka 1963, vikafuata mkondo huo.

3. Je, ni kosa kuziacha nyoofu?

Msomaji ataelewa kitabu chako, kwa hiyo si kosa la maana. Ila kitabu kilichochapwa vizuri kwenye karatasi kina alama za kupinda, na sioni sababu ya anayesoma kwenye simu kupewa kazi ya chini zaidi. Kwenye kioo kidogo, katika mazungumzo marefu, alama yenye uso humwonyesha msomaji mara moja kama mtu anaanza kusema au anamaliza.

Kibaya kuliko vyote ni mchanganyiko: sura ya kwanza imepinda, ya pili nyoofu, ya tatu nusu kwa nusu. Hutokea sana muswada unapochapwa na watu wawili, mmoja kwenye Word na mwingine kwenye simu. Kama huna muda wa kupindisha zote na kuzikagua, heri uziache nyoofu zote.

4. Nje zikae alama mbili mbili au moja moja?

Chagua mtindo mmoja, uushike hadi ukurasa wa mwisho. Mimi hupendekeza mbili nje na moja ndani:

“Mama aliniambia, ‘Mwanangu, usiuze korosho kwa kangomba,’ nami nikamsikia,” alisema Hamisi.

Sababu ni ya kazi tu. Ukiweka alama moja moja nje, kila mwanzo wa mazungumzo utafanana na ritifaa ya mwanzo wa neno, na ukaguzi wa swali la 7 utakuwa mgumu mara nyingi zaidi. Nukuu mbili zikifungwa mahali pamoja, tia kati yake nafasi nyembamba isiyokatika (U+202F), ili ’ na ” zisigandane wala zisitenganishwe na mwisho wa mstari.

## Ritifaa: ng’ na mashairi

5. Ng’ iandikwe kwa alama ipi?

Kwa ’ (U+2019), kila mahali, hata neno linapokuwa ndani ya nukuu au kwenye kichwa cha sura. Ng’apa ya Lindi, ming’oko, king’amuzi, ng’ambo: zote alama moja.

Wengi wanadhani ng’ ndiyo itakayowasumbua. Kwa kweli programu za kupindisha huipatia mara nyingi, kwa sababu ritifaa iko katikati ya herufi mbili na mashine inajua kwamba alama iliyotanguliwa na herufi ni ya kufunga. Hukosea pale muswada ulipoingia na uchafu: mchapaji alitumia kile kialama cha juu kushoto ya kibodi, skana ilisoma ng‘ombe, au neno lilikatwa mwisho wa mstari wa PDF likawa ng' ombe. Kuna pia anayeiacha kabisa, na hapo maana hubadilika: kung’oa si ngoa. Kwa upande mwingine, usiongeze ritifaa pasipohitajika. Kangomba haina.

Kwenye Sigil au Calibre, programu za kuhariri vitabu pepe (swali la 10), washa utafutaji wa ruwaza (Regex), tafuta `([Nn][Gg])['‘´](?=[AEIOUWaeiouw])` na uweke `\1’`. Sharti la irabu au w kufuata limewekwa makusudi, ili usiguse nukuu inayofungwa baada ya jina la kigeni kama Beijing.

6. Nimesikia kuna ritifaa nyingine, U+02BC. Si hiyo ndiyo sahihi kwa ng’?

Hoja yake ina uzito: ritifaa ya ng’ ni sehemu ya herufi, haifungi nukuu yoyote, na U+02BC imewekwa kwa ajili ya alama zinazohesabiwa kama herufi. Hata hivyo sishauri kuitumia katika kitabu cha kawaida. Fonti nyingine hazina, msomaji hana namna rahisi ya kuiandika anapotafuta neno, na waandishi wengine watakuwa wanatumia U+2019. Baki na U+2019.

7. Kwa nini mashairi ndiyo yanayoharibika zaidi?

Hapa ndipo kazi ilipo. Mshairi wa Kiswahili hudondosha silabi ili mizani itimie, na pale palipodondoshwa huweka ritifaa. Chukua mshororo huu wa mfano, wenye mizani nane kila kipande:

’Mekwisha msimu wetu, ’sinambie nisubiri

Maneno kamili ni “umekwisha” na “usinambie”. Kila kipande kimeacha u ya mwanzo, la sivyo kingefika mizani tisa. Mashine haijui arudhi yetu. Ikiona alama moja yenye nafasi nyuma na herufi mbele, inaamini nukuu imeanza, basi inaandika ‘mekwisha na ‘sinambie. Ritifaa imegeuzwa uso. Msomaji makini atatafuta nukuu inafungwa wapi, asipaone. Calibre yenyewe inaonya katika maelezo yake kwamba kanuni yake inaweza kukosea, hasa alama moja inapokuwa mwanzoni mwa neno lililofupishwa. Onyo hilo watu hulipita bila kulisoma.

Namna ya kurekebisha inategemea kitabu. Kama ni diwani tupu isiyo na nukuu ya ndani hata moja, kazi ni nyepesi: tafuta kila ‘ na uweke ’ kwa mkupuo. Kama ni riwaya au kumbukumbu zenye tungo ndani yake, usithubutu mkupuo. Tafuta `‘(?=\w)` na upite moja moja, ukiangalia hasa ‘me, ‘li, ‘ta, ‘si, ‘ki, ‘ka na ‘sha.

Ukipata mashaka kwenye mshororo, hesabu mizani. Rudisha silabi unayodhani imeachwa. Kipande kikizidi kwa moja, ile ni ritifaa. Kama bado huna hakika na mtunzi yu hai, mpigie simu. Malenga aliyepima mizani yake kwa miaka hastahili kurudishiwa tungo zilizopindwa na kitufe.

8. Na miaka iliyofupishwa, kama “tangu ’47”?

Ni tatizo la swali la 7, kwa tarakimu. Ukiandika kuhusu mradi wa karanga wa Nachingwea, utakuwa na “miaka ya ’40” kila sura, na programu nyingine zitaandika ‘40. Tafuta `‘(?=\d)` na uweke ’. Hii unaweza kuifanya kwa mkupuo, ila pitisha jicho kwanza kama kuna nukuu ya ndani inayoanza na tarakimu. Mimi hupenda mwaka kamili, 1947, ugomvi uishe.

## Kazi yenyewe

9. Nianzie wapi?

Anza kwa kutoa nakala ya akiba. Kisha safisha kabla ya kupindisha: geuza vialama vya ajabu kuwa alama nyoofu, na alama mbili za ' zilizobanwa pamoja ('') ziwe " moja ya kweli. Wanaochapa kwa simu hufanya hivi sana. Baada ya usafi huo ndipo upindishe kwa programu, urekebishe ng’, upitie ritifaa za mwanzo wa neno, na ukague mazungumzo kama ilivyoelezwa katika swali la 12.

Ukianza na kupindisha, uchafu wote utapinda pamoja na vilivyo safi, na kuutafuta baadaye ni taabu.

Mwishoni fungua orodha ya herufi zote zilizotumika katika kitabu. Calibre na Sigil zote zina ripoti hiyo. Ukiona " au ' bado ipo ndani ya maandishi, au kialama usichokitambua, ifuate hadi ilipo. Ripoti hiyo ndiyo chombo ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu hukuonyesha kitabu kizima bila kutegemea macho yaliyochoka.

10. Nitumie programu gani?

Calibre na Sigil, zote za bure, na zikishasakinishwa hazihitaji intaneti, jambo lenye maana kwa anayenunua bando. Ndani ya kihariri cha Calibre, kwenye menyu ya zana, kuna amri iitwayo “Smarten punctuation”. Fahamu kwamba haigusi nukuu tu: hugeuza pia vistari viwili kuwa dashi, na nukta tatu kuwa alama moja ya nukta tatu. Kabla ya kuibofya, weka alama ya kurudia ndani ya kihariri, na baada yake linganisha hali ya kabla na ya sasa. Calibre itakuonyesha kila kilichobadilika.

Kama bado uko kwenye Word, washa upindishaji wakati wa kuchapa, kisha tafuta " na ubadilishe kwa " ile ile. Word itazipindisha yenyewe. Rudia kwa '. LibreOffice nayo hupindisha unapochapa, ila angalia lugha ya waraka, maana alama hufuata lugha uliyoichagua. Makosa ya swali la 7 yatatokea humo pia.

11. Naweza kufanya tafuta-na-badilisha moja kwa moja ndani ya EPUB?

Kwa alama nyoofu, hapana, usifanye kwa mkupuo. Faili la EPUB, yaani kitabu pepe chenyewe, ni furushi la zip lenye kurasa za XHTML (msimbo kama wa kurasa za tovuti) ndani yake, na kurasa hizo zinatumia alama nyoofu kwa kazi zake zenyewe:

`<p class="ubeti">"Karibu Mikindani," alisema babu.</p>`

Alama zinazozunguka ubeti ni za msimbo. Ukizipindisha, ukurasa unavunjika: mtindo unapotea, au sura nzima inakataa kufunguka. Vivyo hivyo ndani ya faili la mitindo, jina la fonti huzungukwa na alama nyoofu zinazotakiwa kubaki hivyo. Amri ya Calibre huruka vitambulisho vyote vya msimbo, na huacha pia yaliyomo ndani ya `pre` na `code`, hivyo kitabu cha somo la kompyuta chenye mifano ya msimbo hakitaharibika kama mifano hiyo imewekwa mahali pake.

Kuna mtego mwingine: anayeandika `&ldquo;` badala ya alama yenyewe. EPUB 2 iliikubali, EPUB 3 haiikubali. Weka alama yenyewe, au namba `&#8220;`, `&#8221;`, `&#8216;` na `&#8217;`. Ukimaliza, pitisha kitabu kwenye EPUBCheck, programu ya kukagua makosa ya EPUB.

12. Mashine hukosea wapi kwenye mazungumzo?

Mahali pa kwanza ni baada ya dashi. Msemaji akikatizwa, “Mimi nilitaka tu—” alama ya mwisho huonekana kwa mashine kama ya kufungua, ikageuka. Tafuta `—“(?=\s|<)` uweke `—”`.

Mahali pa pili ni kandokando ya herufi za mlazo, hasa neno la mlazo linapogusa alama ya nukuu. Hapa hakuna ruwaza moja inayotosha. Tafuta alama zilizoshikana na `<i>` na `</i>`, uzipitie.

Tatu, nukuu zisizo na mwenza. Ruwaza `“[^”<]*“` hukamata mahali palipofunguliwa mara mbili bila kufungwa, na ` ”` yenye nafasi kabla yake hukamata alama ya kufunga iliyoelea. Mara nyingi kosa utakaloliona ni la mwandishi mwenyewe, aliyesahau kufunga nukuu, wala si la programu. Mrudishie akuonyeshe nani anasema.

13. Mzee anasimulia aya tatu mfululizo. Nifunge nukuu kila aya?

Usifunge. Kila aya ifunguliwe kwa “, na ya mwisho peke yake ifungwe kwa ”. Kwa njia hiyo msomaji anajua ni mzee yule yule bado anaongea. Kumbuka tu kwamba programu inayobadilisha zamu, yaani ya kwanza ifungue na ya pili ifunge, itavuruga sura nzima kuanzia hapo. Calibre haihesabu zamu, inaangalia majirani wa alama, hivyo huwa salama.

14. Naziandikaje kwa mkono?

Kwenye Windows, shika Alt na uandike kwa vitufe vya namba vya kulia: 0145 kwa ‘, 0146 kwa ’, 0147 kwa “ na 0148 kwa ”. Kwenye Mac, Option na [ hutoa “, Option na ] hutoa ‘, ongeza Shift upate za kufunga. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie kitufe cha alama ya nukuu. Kompyuta mpakato nyingi hazina vitufe vya namba vya kulia, na hapo njia rahisi ni kunakili alama kutoka swali la 1.

## Mambo yasiyo ya kawaida

15. Kitabu changu ni cha historia ya Kilwa na kina majina ya Kiarabu. Nifanyeje na ain na hamza?

Angalia kabla ya kutumia ushauri wa swali la 7. Katika unukuzi wa Kiarabu, ain mara nyingi huandikwa kwa ‘ na hamza kwa ’. Jina ‘Ali bin al-Hasan, anayetajwa katika habari za mwanzo za usultani wa Kilwa, lina ‘ kwa haki kabisa. Ukigeuza kila ‘ kuwa ’, umefuta ain ukaweka hamza.

Kwa kitabu cha kitaalamu, ni vyema kutumia herufi zenyewe, ʿ (U+02BF) na ʾ (U+02BE). Hakuna programu ya kupindisha itakayozigusa, na hazitachanganywa na nukuu. Kagua fonti kwanza, swali la 19. Kwa kitabu cha wasomaji wa kawaida, andika Ali, kama sote tunavyoandika.

16. Nimenukuu maandiko ya Kijerumani kuhusu Tendaguru. Alama zake zinaonekana za kichwa chini.

Ziko sawa. Kijerumani hufungua chini na kufunga juu: „Tendaguru“. Anayeandika kuhusu mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na Wajerumani huko Lindi kati ya 1909 na 1913 atakutana nazo. Mtego ni kwamba alama yao ya kufunga ndiyo ile ile U+201C tunayofungulia sisi, hivyo ukaguzi wa swali la 12 utapiga kelele. Nukuu ikiwa ndani ya sentensi ya Kiswahili, tumia alama zetu. Ikiwa ni andiko zima la Kijerumani, acha zao. Skana nayo husoma „ kama mikato miwili, itafute `,,`.

17. Na vipimo, kama nyuzi za ramani?

Hizo si nukuu wala ritifaa. Mtwara iko 10°16′ kusini mwa ikweta, na alama ya dakika ni ′ (U+2032). Ya sekunde ni ″ (U+2033). Zitafute kabla ya kupindisha, kwa `\d['"]`, uziweke kwa mkono. Ruwaza hiyo itakamata pia nukuu inayofungwa baada ya tarakimu, kwa hiyo pita moja moja.

18. Badala ya ritifaa naona â€™. Kitabu kimeharibika?

Maandishi yamehifadhiwa kwa UTF-8, yakafunguliwa kama Windows-1252, na hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kuhifadhi herufi. Alama ’ ina baiti tatu, na kila baiti imesomwa kama herufi yake. Rudi kwenye faili la asili na ulifungue upya kwa UTF-8. Kama la asili limepotea, badilisha â€™ kuwa ’, â€œ kuwa “, na kadhalika, kisha hakikisha kila ukurasa unatangaza UTF-8 juu yake.

19. Kwenye simu moja naona kisanduku badala ya alama.

Fonti uliyoipachika haina herufi hiyo. Alama nne za kupinda zipo karibu katika kila fonti nzima, lakini fonti iliyopunguzwa ili faili liwe jepesi huweza kuziacha, hasa kama ilipunguzwa kabla hujapindisha. Punguza fonti mwisho wa kazi.

20. Msomaji akitafuta ng'ombe kwa alama nyoofu, atapata ng’ombe?

Inategemea programu anayosomea. Baadhi huzihesabu kuwa sawa, nyingine hapana. Ijaribu kwenye simu na kwenye kishikwambi kabla ya kukitoa. Hilo halinifanyi nirudishe alama nyoofu kitabu kizima. Kitabu husomwa mara nyingi kuliko kinavyotafutwa. Jina la faili lenyewe, ndiyo, liandike bila alama yoyote.

21. Naweza kunakili maelezo ya kitabu kwenye tangazo la SMS?

Nakili, ila rudisha alama nyoofu kwanza. Alama za kupinda hazimo katika herufi za kawaida za SMS, na ’ moja tu inatosha kushusha nafasi ya ujumbe kutoka herufi 160 hadi 70. Tangazo la kitabu cha mapishi ya ming’oko lililotosha ujumbe mmoja litakatwa vipande viwili au vitatu, nawe utalipia vyote. Dashi na alama moja ya nukta tatu, zile zilizoongezwa na Calibre katika swali la 10, zina athari hiyo hiyo.